Kanuni za Imani: Zilivyosemwa Majini, Zilivyogombewa Alexandria

Mnamo mwaka 356 au muda mfupi baadaye, barua ya Kaisari Constantius II wa Roma ilitumwa Aksum, katika nyanda za juu za Uhabeshi. Iliandikwa kwa watawala wawili, Ezana na Sazana, na wala haikuhusu pembe za ndovu au mipaka. Kaisari alitaka askofu wao, Frumentius, arudishwe Misri haraka akahojiwe kuhusu imani yake. Aliyemweka wakfu, Athanasius wa Alexandria, alikuwa mtoro anayesakwa na askari, na Kaisari aliogopa kwamba mafundisho ya mtoro huyo yangeota mizizi hata nje ya dola.

Frumentius alikuwa Mshami wa Tiro. Alifika pwani ya Uhabeshi akiwa kijana, baada ya merikebu aliyosafiria kushambuliwa na watu wake karibu wote kuuawa. Alilelewa katika jumba la mfalme, akapewa madaraka, na baadaye akashuka hadi Alexandria kuomba apatikane askofu wa kuwatunza Wakristo wa Aksum. Athanasius aliona kwamba askofu anayeombwa ndiye huyo huyo anayeomba, akamweka wakfu. Kanisa la Ethiopia linamkumbuka hadi leo kwa jina la Abba Selama. Ezana naye aliondoa mwezi mwandamo na duara kwenye sarafu zake, akaweka msalaba.

Ugomvi uliomfanya Kaisari aandike barua ya mbali namna hiyo ulihusu sentensi chache: Mwana wa Mungu ni nani, na ana uhusiano gani na Baba. Sentensi hizo ziliingia katika Imani ya Nikea, moja ya kanuni mbili za imani ambazo Wakristo wa Kiswahili huzisema; nyingine ni Imani ya Mitume, na wengine huita kanuni ya namna hii Nasadiki, kila kanisa kwa mazoea yake. Mara nyingi historia ya kanuni hizi husimuliwa kama kazi ya makaisari na maaskofu waliokaa mezani wakaamua. Habari kamili inaanzia mbali zaidi ya meza hiyo. Kanuni hizi zilitungwa kwanza kwa ajili ya kinywa cha mtu anayebatizwa, na watu wa Afrika walikuwa ndani ya utungaji huo tangu mapema kabisa.

Mitume hawakuacha karatasi yenye kanuni ya imani. Waliacha mahubiri, na ndani yake matamko mafupi yaliyorudiwarudiwa mpaka yakashika. Paulo alipowaandikia Wakristo wa Korintho katikati ya miaka ya 50, aliwakumbusha habari aliyoipokea kwa wengine kabla ya kuwapa wao: kwamba Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akawatokea Kefa na wengineo. Mpangilio wa maneno yale unaonyesha kwamba yalikuwa tayari yamewekwa sawa kwa ajili ya kuhifadhiwa kabla Paulo hajaanza barua yake. Tamko jingine lilikuwa fupi zaidi, la kumkiri Yesu kuwa Bwana tu. Katika dola ambayo mtu angeweza kutakiwa atoe heshima ya kimungu kwa Kaisari, hilo halikuwa neno dogo.

Mwanzoni mwa karne ya 2, Askofu Ignatius wa Antiokia alikuwa akipelekwa Roma kuuawa, akawa anaandika barua njiani. Alisisitiza kwamba Yesu alizaliwa kweli, alikula na kunywa kweli, na aliteswa kweli wakati wa Ponsio Pilato. Alisisitiza hivyo kwa sababu walikuwapo waliofundisha kwamba mwili wa Kristo ulikuwa sura tu. Jina la Pilato liliziba mwanya huo. Liwali huyo aliyetawala Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36 aliingia katika kanuni za imani kama alama ya wakati na mahali, ili msikilizaji ajue kwamba mambo anayoyakiri yalitokea chini ya utawala unaojulikana.

Karibu mwaka 180 Irenaeus, askofu wa Lyon, alieleza kwamba makanisa yaliyotawanyika kila upande yalikuwa na imani moja, akaifupisha kwa Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Miaka 20 hivi baadaye, huko Carthage, katika Tunisia ya leo, Tertullian aliuita muhtasari wa namna hiyo kwa Kilatini kanuni ya imani. Mwafrika huyo ndiye aliyelipatia Kanisa la Magharibi sehemu kubwa ya msamiati wake juu ya Utatu, katika miaka ambayo Wakristo wengi wa Roma kwenyewe walikuwa bado wanasali kwa Kigiriki.

Hata hivyo, muhtasari wa mwalimu ni kitu kimoja, na maneno ya kila muumini ni kitu kingine. Mahali yalipokutana ni kwenye maji.

Kitabu kiitwacho Mapokeo ya Mitume, ambacho kwa kawaida huhusishwa na Hippolytus wa Roma, mwanzoni mwa karne ya 3, kinaeleza jinsi mambo yalivyokwenda. Anayebatizwa alivua nguo zake zote na mapambo, akashuka majini. Mbatizaji alimwekea mkono kichwani akamuuliza kama anamwamini Mungu Baba Mwenyezi. Akajibu kwamba anaamini, akazamishwa. Akaulizwa juu ya Kristo Yesu, kuzaliwa kwake, kifo chake chini ya Pilato, kufufuka na kurudi kwake kuhukumu. Akajibu, akazamishwa mara ya pili. Swali la tatu lilihusu Roho Mtakatifu na Kanisa, na baada ya jibu akazamishwa mara ya tatu. Hakuna aliyekariri kanuni ndefu pale. Kanuni ilikuwa katika maswali, na jibu lilikuwa neno moja.

Kufikia karne ya 4 maswali hayo yalikuwa yameunganishwa kuwa tamko moja, na utaratibu mpya ulikuwa umejengeka pembeni yake. Majuma machache kabla ya Pasaka, askofu aliwakabidhi wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, kanuni hiyo kwa mdomo. Augustine, askofu wa Hippo, ambayo leo ni Annaba nchini Algeria, aliwakataza kuiandika. Aliwataka waihifadhi kwa ghibu, waiseme wanapoamka na wanapokwenda kulala, mpaka siku ya kuirudisha mbele ya askofu bila kukosea. Cyril wa Yerusalemu aliwaambia wanafunzi wake hivyo hivyo karibu mwaka 350: wasiitie kwenye karatasi, na wasiwasomee wale ambao bado hawajaandikishwa kwa ubatizo. Kanuni ilikuwa mali ya ndani ya nyumba, na kuijua ilikuwa dalili ya kuwa mmoja wa wenyeji.

Augustine anasimulia kisa kimoja kinachoonyesha uzito wa siku hiyo ya kuirudisha. Marius Victorinus, mzaliwa wa Afrika, alikuwa mwalimu mashuhuri wa ufasaha mjini Roma, mtu aliyesimamishiwa sanamu katika uwanja wa Trajan. Katika uzee wake, miaka ya 350, aliomba ubatizo. Mapadre walijua angeweza kuona haya mbele ya wanafunzi na rafiki zake wasio Wakristo, wakampa ruhusa ya kuikiri imani faraghani. Akakataa. Alisema alikuwa amefundisha ufasaha hadharani bila kupata wokovu humo, kwa hiyo asingeuficha wokovu wenyewe. Alipopanda mahali pa juu, kanisa zima likaanza kunong'ona jina lake, halafu likanyamaza kumsikiliza. Msemaji mkubwa wa jiji alisimama akasema maneno yale yale ambayo mpishi na mtumwa waliyasema.

Kwa sababu iliishi kwa mdomo, kanuni ya Roma ilizalisha hadithi za asili yake. Karibu mwaka 404 Rufinus wa Aquileia aliandika kwamba mitume, kabla ya kutawanyika kwenda kuhubiri, waliitunga pamoja ili wasije wakapotoka mmoja na mwenzake. Waliomfuata wakaenda mbali zaidi, wakamgawia kila mtume kifungu chake. Kwa karne nyingi Ulaya Magharibi iliamini hivyo, na wachoraji wakawachora mitume kumi na wawili kila mmoja ameshika utepe wenye maneno yake. Wagiriki walipokutana na Walatini katika mtaguso ulioanza Ferrara mwaka 1438, wao walisema kwamba kanuni hiyo hawakuwa nayo. Karne hiyo hiyo msomi Lorenzo Valla naye akakataa kwamba mitume waliitunga. Imani ya Mitume katika maneno yanayotumika sasa inaonekana kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa karne ya 8, katika kitabu cha Pirminius, mmonaki aliyefanya kazi katika nchi za mto Rhine. Ni mjukuu wa maswali ya Roma, naye alikulia mbali na Roma.

Upande wa mashariki mambo yalikwenda kwa kishindo zaidi, na kishindo hicho kilianzia Misri.

Arius alikuwa padre wa mtaa wa Baucalis mjini Alexandria, na asili yake inatajwa kuwa Libya. Alikuwa mhubiri mwenye mvuto. Karibu mwaka 318 aligongana na askofu wake, Alexander. Arius alifundisha kwamba Mungu wa kweli ni Baba peke yake, asiye na mwanzo. Mwana ni wa kwanza na bora kuliko viumbe vyote, lakini naye ana mwanzo. Alexander alisema Baba hajawahi kuwa bila Mwana. Mafundisho ya Arius hayakubaki vitabuni. Aliyatia katika nyimbo za mabaharia, za wasaga nafaka na za wasafiri, na bandarini watu wakaimba theolojia. Askofu alimtenga, naye akapata watetezi wenye nguvu nje ya Misri, hasa Eusebius, askofu wa Nicomedia.

Mwaka 324 Constantine alimshinda Licinius akawa mtawala pekee wa dola. Aliwaandikia Alexander na Arius, akawaambia kwamba wanagombania jambo dogo lisilostahili kuwagawa watu. Aliyepeleka barua hiyo, Askofu Ossius wa Cordoba, aligundua upesi kwamba si dogo. Hapo ndipo Kaisari alipowaita maaskofu Nikea, mji ulio kando ya ziwa ambao leo unaitwa İznik, nchini Uturuki.

Walikutana katikati ya mwaka 325, wakisafirishwa kwa gharama ya serikali. Eusebius wa Kaisaria, aliyekuwapo, anasema walizidi 250. Mapokeo ya baadaye yakakaza idadi ya 318, sawa na watumishi wa Abrahamu katika kitabu cha Mwanzo. Baadhi yao walikuwa na alama za mateso miilini mwao. Paphnutius wa Misri aling'olewa jicho moja katika dhuluma iliyokwisha miaka kumi na kitu tu nyuma, na Paul wa Neocaesarea alikuwa na mikono iliyochomwa kwa chuma cha moto. Wanaume hao walimwona Kaisari akiingia ukumbini katika mavazi ya zambarau, akasimama mpaka maaskofu walipomwashiria aketi kwenye kiti chake kidogo cha dhahabu. Kwa walionusurika na magereza ya makaisari, huo ulikuwa ulimwengu mwingine.

Kanuni iliyotoka Nikea ilijengwa juu ya kitu walichokuwa nacho tayari. Eusebius wa Kaisaria aliwaandikia waumini wake kwamba alitoa mbele ya mkutano imani ile aliyofundishwa alipokuwa mkatekumeni na aliyoikiri alipobatizwa. Mkutano ulichukua umbo hilo la ubatizo, lenye sehemu tatu, ukaongeza vifungu vya kumfungia Arius mlango. Kilicholeta mzozo mkubwa ni neno la Kigiriki homoousios, lenye kueleza kwamba Mwana ana dhati moja na Baba. Halimo katika Biblia, na wengi waliliogopa kwa sababu hiyo hiyo. Ila kila andiko lililopendekezwa, wafuasi wa Arius waliweza kulikubali kwa maana yao. Neno hili tu hawakuweza. Mwishoni ziliwekwa laana dhidi ya wanaofundisha kwamba Mwana ana mwanzo. Juu ya Roho Mtakatifu kanuni ilitaja kwamba anaaminiwa, ikaishia hapo.

Karibu wote walitia saini. Waliokataa katakata walikuwa maaskofu wawili wa Libya, Secundus wa Ptolemais na Theonas wa Marmarica, nao wakapelekwa uhamishoni pamoja na Arius.

Kama historia ingeishia hapo, Nikea ingekuwa amri ya serikali tu, na amri za serikali hubadilika. Nayo ilibadilika. Constantine aliwarudisha wengi wa waliofukuzwa, na alipokaribia kufa mwaka 337 aliyembatiza ni Eusebius wa Nicomedia, mtetezi wa Arius. Mwanawe Constantius alitaka tamko ambalo lingewaridhisha watu wengi zaidi, na katika miaka ya 340 na 350 maaskofu walikutana tena na tena kutunga kanuni mpya. Mwaka 359 zaidi ya maaskofu 400 wa Magharibi waliitwa Ariminum, nchini Italia, na wenzao wa Mashariki wakaitwa Seleucia. Shinikizo la Kaisari liliwafanya wakubali tamko lililosema tu kwamba Mwana anafanana na Baba. Kwa karatasi, Nikea ilikuwa imeshindwa.

Iliyoiweka hai ni Misri. Athanasius, aliyekwenda Nikea akiwa shemasi wa Alexander, alikuwa askofu wa Alexandria kuanzia mwaka 328 hadi alipofariki mwaka 373. Alifukuzwa mara tano, na jumla ya miaka yake ya uhamisho ni 17 hivi. Usiku wa Februari 356, askari walilizingira kanisa la Theonas wakati watu wakikesha katika sala. Athanasius alibaki ameketi kwenye kiti chake, akamwamuru shemasi asome zaburi na watu waitikie, kisha wote watoke. Milango ilipovunjwa na mishale kuanza kuruka, alikataa kuondoka kabla ya watu, mpaka wamonaki wakamvuta nje katikati ya vurugu. Miaka sita iliyofuata wamonaki wa jangwani walimficha, wakimhamisha kutoka makao hadi makao, huku yeye akiandika. Katika maandishi yake dhidi ya wafuasi wa Arius alirudia swali moja la wazi: kama Mwana ni kiumbe, kwa nini watu wanabatizwa kwa jina lake pamoja na la Baba? Hoja yake haikuhitaji chuo cha falsafa. Kila aliyebatizwa Alexandria alikuwa na jibu lake kinywani tangu siku ile majini.

Kizazi kilichofuata kiliongozwa na Wakapadokia watatu: Basil, ndugu yake Gregory wa Nyssa, na rafiki yao Gregory wa Nazianzus. Walieleza kwa uangalifu jinsi dhati moja ya Mungu inavyokirika katika nafsi tatu, wakamtetea Roho Mtakatifu dhidi ya waliomfanya mtumishi tu. Gregory wa Nyssa alilalamika kwamba Konstantinopoli ya wakati wake haikuwa na faragha: ukiuliza bei ya mkate au ukienda kubadilisha fedha, mwenye duka alikujibu kwa hoja kuhusu Baba na Mwana. Malalamiko hayo ni ushahidi. Jambo hili lilikuwa la watu wote, hadi kwa mtumishi wa bafu za umma.

Mwaka 381, chini ya Kaisari Theodosius I, maaskofu 150 walikutana Konstantinopoli. Mkutano ulikuwa na misukosuko yake. Mwenyekiti wa kwanza alifariki. Gregory wa Nazianzus aliyemfuata alichoshwa na ugomvi akajiuzulu. Na nafasi yake ikachukuliwa na Nectarius, ofisa wa serikali ambaye hakuwa hata amebatizwa alipochaguliwa. Kanuni inayohusishwa na mkutano huo ndiyo inayosaliwa leo kama ya Nikea. Inamtaja Roho kama Bwana na mpaji wa uzima atokaye kwa Baba, na inakiri Kanisa moja, ubatizo mmoja na ufufuko wa wafu. Laana za mwaka 325 hazimo. Maandishi yake yalisomwa rasmi katika Mtaguso wa Kalkedoni mwaka 451. Kalkedoni yenyewe iliwagawa Wakristo kuhusu asili mbili za Kristo: Wakopti wa Misri, Waethiopia, Waarmenia na Washami wengi waliikataa. Nikea waliishika wote. Waethiopia wana hata sala ya Ekaristi yenye jina la mababa 318.

Kanuni iliyotoka kwenye ubatizo iliingia katika ibada ya kila juma kwa njia ya ubishi. Huko Antiokia, mwishoni mwa karne ya 5, Patriarki Peter aliyeitwa Mfua Nguo alianza kuisomesha katika kila liturujia, yeye akiwa mpinzani wa Kalkedoni anayetaka kuonyesha kwamba Nikea inatosha. Konstantinopoli ikafuata. Mwaka 589 Mfalme Reccared wa Wavisigothi, watu waliokuwa wamepokea Ukristo wa upande wa Arius, aliingia rasmi katika Ukatoliki mjini Toledo, Hispania, na ikaamriwa kwamba watu waisome kanuni kwa sauti katika kila misa kabla ya Baba Yetu.

Katika Hispania na kisha kwa Wafaranki lilijipenyeza pia neno la ziada: Roho atoka kwa Baba na kwa Mwana. Wafalme wa Wafaranki walitaka Roma ilikubali. Papa Leo III, karibu mwaka 810, hakuwa na tatizo na mafundisho yenyewe, lakini hakutaka maandishi ya kale yaguswe. Alichongesha kanuni kwenye mabamba ya fedha, kwa Kigiriki na Kilatini, bila nyongeza hiyo, akayatundika katika basilika ya Mtakatifu Petro. Misa ya Roma kwenyewe haikuwa na Nasadiki kabisa. Mwaka 1014 Henry II wa Ujerumani alipokwenda kutawazwa alishangaa, na mapadre wa Roma wakamjibu kwamba Kanisa lao halijawahi kuchafuliwa na uzushi, kwa hiyo halikuhitaji kuikariri kila mara. Henry alisisitiza, Papa Benedict VIII akakubali, na desturi ya kaskazini ikaingia Roma. Miaka 40 baadaye, tarehe 16 Julai 1054, Kardinali Humbert, mjumbe wa Roma, aliweka hati ya kutenga juu ya altare ya kanisa la Hagia Sophia, Konstantinopoli. Miongoni mwa mashtaka yake alidai kwamba Wagiriki ndio waliofuta maneno hayo. Ukweli ulikuwa kinyume chake.

Wanamatengenezo wa karne ya 16 walibomoa mengi, lakini kanuni walizibakiza. Luther aliifanya Imani ya Mitume kuwa sehemu ya Katekisimu yake Ndogo ya mwaka 1529, akiieleza kwa vifungu vitatu ili baba mwenye nyumba aweze kuwafundisha watoto na watumishi. Ungamo la Augsburg, mwaka uliofuata, lilianza kwa kuithibitisha Nikea.

Kwa njia hizo mbili, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, kanuni ziliingia Afrika Mashariki katika karne ya 19. Mmoja wa waliozileta alikuwa akitazama nyuma kwa Augustine waziwazi. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa White Fathers, alikuwa Askofu Mkuu wa Algiers na tangu mwaka 1884 wa Carthage pia. Alipowatuma wamisionari wake Ziwa Tanganyika na Buganda mwishoni mwa miaka ya 1870, aliwaagiza wafufue ukatekumeni wa kale. Hakuna kubatiza kwa haraka: miaka minne ya mafundisho kwa ngazi. Vijana wa Buganda na Unyamwezi walihifadhi imani kwa mdomo, hatua kwa hatua, kwa utaratibu ulioigwa kutoka Hippo na Carthage.

Upande wa Waprotestanti, kanuni ziligeuka daraja. Juni 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu, Kenya, kwenye kituo cha Wapresbiteri wa Scotland. Walitaka shirikisho, na miongoni mwa misingi waliyoipendekeza, pamoja na Biblia, ni Imani ya Mitume na ya Nikea. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Meza ya Bwana, na wasio Waanglikana wakashiriki. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alikasirika akamshitaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Kwake, kukubaliana juu ya kanuni hakukutosha pasipo maaskofu. Mjadala ulitikisa Uanglikana wote. Shirikisho lililokusudiwa halikupatikana, ila mwaka 1918 misheni hizo zilianzisha muungano, na Alliance High School iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926 ndiyo iliyorithi jina lake.

Zaidi ya miaka 40 baada ya mkutano wa Kikuyu, katika nchi ya Wamaasai kaskazini mwa Tanzania, Wamaasai na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walitunga kanuni kwa maisha ya kule. Yesu anatajwa humo kama maskini wa kijiji kidogo, msafiri wa kutenda mema, ambaye maiti yake fisi hawakuigusa. Vincent Donovan aliichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1978, na leo husomwa hata makanisani Marekani. Muundo wake ni ule ule wa sehemu tatu za Roma ya karne ya 3.

Mwaka 2025 Nikea ilitimiza miaka 1700. Oktoba, Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilikusanya wajumbe Wadi El Natrun, bonde la wamonaki wa Misri. Novemba, Papa Leo XIV na Patriarki Bartholomew walisali pamoja İznik, karibu na magofu ya basilika iliyogunduliwa chini ya maji ya ziwa mwaka 2014.

Nyongeza ya Roho kutoka kwa Mwana pia bado haijapatanishwa, na Nairobi ni mahali pazuri pa kuliona hilo. Huko Riruta ipo seminari ya Kiorthodoksi yenye jina la Askofu Mkuu Makarios III wa Cyprus. Waorthodoksi wa Kenya walitokana na makanisa huru yaliyojitenga na misheni miaka ya 1930, na mwaka 1946 wakapokewa chini ya Patriarki wa Alexandria, katika kiti alichokalia Athanasius. Wao hukiri kwamba Roho atoka kwa Baba. Wakatoliki wa parokia za jirani huongeza na Mwana. Maneno mengine karibu yote yanalingana, na pande zote mbili hakuna anayebatizwa bila hayo: kwa Waorthodoksi Kanuni ya Nikea husemwa yote kabla ya kuzamishwa, na kwa Wakatoliki kasisi huuliza juu ya Baba, Mwana na Roho, na anayebatizwa, au wazazi na wasimamizi wake, hujibu mara tatu.